Darasa Ambalo Hakulikabidhi

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Zamu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa tanuri na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani, kisha sekondari ya bweni alikokuwa kiranja mkuu, akahitimu chuo kikuu mwaka 1981 na kuajiriwa hapohapo kuwa mhadhiri. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na muuguzi, mama yetu, wakajaliwa watoto wawili.

Kazi ya maisha yake ilikuwa kutunga somo la uongozi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Baraza la chuo lilimkatalia mara mbili, mjumbe mmoja akisema kwamba uongozi mtu huzaliwa nao, naye akajibu kwamba basi na upasuaji tuwaachie waliozaliwa nao, ukumbi ukaangua kicheko, ombi likapita, na Oktoba 2004 somo likaanza katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Humo kila mwanafunzi aliongoza wenzake katika kazi halisi, kama kutengeneza mabomba ya bweni, na kazi ilipoanza kumnogea, alitakiwa kumkabidhi mwingine na kukaa chini yake, jambo lililowaliza vijana wengi.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Mhadhiri kijana, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimwomba amwachie darasa, naye kila mara alimjibu asubiri kidogo, bado hajaiva. Mama alimtania kwamba anawashusha watu wote, ila yeye kang'ang'ania kama kupe; Baba akacheka, akavaa koti, akaenda kufundisha kwa mnong'ono. Sauti ilipokatika kabisa, mpango wote ulikuwa kichwani mwake, hakuna aliyeweza kuuendeleza, na Mei 2023 somo likafungwa. Alipopewa habari hizo wodini, aligeukia ukutani, na siku hiyo hakula. Alifariki tarehe 2 Juni 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na viti, na wafanyakazi wenzake wote. Nawe mhadhiri kijana, asante kwa kumnyoa ndevu kila Jumamosi pale hospitalini, bila kumuuliza tena habari za darasa.

Baba, ulilipenda mno darasa lako hata ukashindwa kuliachia. Sasa pumzika.