Mama Mutie Anafunga Daftari: Miaka Ishirini na Tisa ya Kuandika Sauti za Watu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa sita mchana, Bi. Syokau Musembi atastaafu kutoka Sikio Vitabu, Kawangware, baada ya kutumikia meza ile ile kwa miaka ishirini na tisa na wiki tatu. Hizo wiki tatu amezihesabu yeye. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "karibu miaka thelathini", nayo ikarudi kwangu imepigwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika kwamba karibu si namba.

Sisi tunamwita Mama Mutie. Wageni humwita Madam kwa siku ya kwanza, kisha nao huzoea.

Alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa na cheti cha upigaji chapa na kikapu cha ndengu za kumshukuru yeyote ambaye angempa kazi. Ndengu hizo zilimwendea marehemu mzee Makau, aliyekuwa na duka la kupiga chapa hapa Kawangware: chumba kimoja, taipureta moja na foleni ndefu. Watu walitaka barua za kuomba kazi, programu za mazishi, kadi za harusi na barua kali za kuwaandikia wenye nyumba. Wengi wao hawakuja na karatasi yoyote. Walikaa kwenye benchi wakaongea, na Syokau akaandika.

Hapo ndipo alipojifunza kazi yake ya kweli. Akimaliza barua alikuwa akimsomea mteja kwa sauti, halafu anamuuliza swali moja: "Ni wewe huyu?" Kama mteja alisita, karatasi ilitolewa na barua ikaanza upya. Mzee Makau alilalamika sana juu ya karatasi zilizoharibika, lakini aliona pia kwamba watu walitoka hata Kibera kwa miguu, wakapita wapiga chapa wengine wanne njiani, ili waje kwa yule dada anayekuandika ulivyo.

Mwaka 2017 duka lilinunuliwa na Madam Jael Nasike, mwalimu aliyechoka kusahihisha insha. Jael alikuwa ameona jambo moja: vijana wa mitaa hii walikuwa na podikasti nzuri kupindukia, ila mama na nyanya zao hawakuzisikia kwa sababu bando la intaneti huisha na simu hugawanwa. Kitabu hakiishi bando. Ukikimaliza unampa jirani. Basi akaamua kuanzisha shirika dogo la kuchapisha vitabu vya wanapodikasti, hii Sikio Vitabu, jambo ambalo wengi wetu tuliliona kuwa wazimu wa mtu aliyelipwa pensheni mapema. Mama Mutie aliuliza podikasti ni nini. Akaambiwa ni kama redio, ila haina stesheni. Mtu anaongea tu na watu wanamsikiliza. Akajibu kwamba hiyo kazi ameifanya tangu mwaka tisini na sita, tofauti ni kwamba sasa wateja wake hawatajaza benchi.

Tangu hapo amenakili kwa mkono wake na sikio lake vitabu ishirini na tatu. Amewaandika wasusi wawili wa mtaa wa Satellite ambao hawajawahi kuachiana nafasi ya kumaliza sentensi, na ukisoma kitabu chao unasikia kabisa nani amemkatiza nani na nani amenuna. Amemwandika mwendesha bodaboda anayepumua katikati ya kila neno. Mimi niliyepanga kurasa hizo nilimsihi aniondolee pumzi zile. Alikataa, akisema mtu hawezi kuuza kitabu akiwa amekata roho.

Ofisi yetu iko juu ya kinu cha kusaga unga. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni kinu kinanguruma, sakafu inatetemeka, na chai yako ina unga hata kama hukutaka uji. Sasa mweke mtu hapo umwambie asikilize sauti iliyorekodiwa kwa simu. Mama Mutie alipata dawa yake. Kawangware nzima ikiguna kwamba stima imepotea, yeye alikuwa akitabasamu. Kinu kinanyamaza, yeye anachukua daftari la kurasa mia mbili na penseli, na simu yake iliyojaa chaji, kisha anafanya kazi ya siku mbili ndani ya saa mbili. Hata akiwa na hedifoni masikioni alikuwa wa kwanza kugundua kwamba kinu kimezima. Alikuwa akiinua kidole juu, nasi wengine tunajua tunyamaze. Kwa miaka mingi kidole hicho ndicho kilikuwa kengele yetu.

Alikuwa na mwiko mmoja. Hakukubali kukutana na mwenye sauti kabla kitabu hakijakwisha. Alidai kwamba ukishamwona mtu, sikio linazembea na kuliachia jicho kazi. Wanapodikasti walileta rekodi zao kwa Jael, wakapita mbele ya meza ya Mama Mutie, naye akageukia ukuta. Wapo waliodhani ana maringo. Kitabu kikitoka, aliwapikia chapati na kuwakumbatia kama watoto waliorudi kutoka bweni.

Lazima niseme kidogo kuhusu godoro, kwa kuwa najua mtalisema hata nikinyamaza. Mwaka 2021 tulichapisha kitabu ambamo, katikati ya sura ya tano, penye kilio hasa, msimulizi anaacha habari za talaka yake na kukuarifu kwamba duka fulani la magodoro litakupunguzia bei ukitaja jina la podikasti yake. Lilikuwa tangazo la mdhamini. Wasomaji walibeba kitabu hadi dukani wakafungua ukurasa wa 88, wakidai wapunguziwe bei. Mwenye duka alikuja hapa juu akiwa na macho mekundu, akakaa, akasoma sura nzima kwa sababu alitaka kujua talaka iliishaje, akaondoka na nakala tatu. Kosa hilo limehesabiwa kuwa la Mama Mutie kwa miaka minne, na amechekwa nalo kila Krismasi. Leo nakiri. Yeye alikuwa ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba tangazo hilo litolewe. Mimi, Nicanor, nilitoa maandishi mekundu nikaacha tangazo. Alijua tangu siku ya kwanza, na hakunitaja hata mara moja. Mama Mutie, asante. Na pole.

Sasa nije kwa kitabu cha ishirini na tatu, maana ndicho kilichotufundisha tulikuwa tumekaa na nani.

Boaz, kijana wa mtaa wa Raila kule Kibera, alikuwa akimrekodi mama yake, Seline, akikaanga samaki mlangoni pa nyumba yao. Podikasti iliitwa "Mama Amesema". Vipindi arobaini vya mafuta yanayochemka, mvua juu ya mabati, wateja wanaobembeleza bei, na Seline akieleza maisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo na Sheng ya mwanawe. Tulijaribu kwanza ile programu ya kompyuta inayonakili sauti. Ikatupa kurasa nyeupe. Mama Mutie akachukua daftari. Kwa kuwa Kijaluo hakukijua, alikuwa akitoka kazini na kupitia kwa wauza samaki wa Raila kuuliza hili na lile, huku akijizuia kabisa asifike kwenye mlango wa Seline. Mama Mutie mwenyewe anakaa Makina, humo humo Kibera, mwendo wa robo saa tu kutoka hapo. Walitumiana salamu kupitia kwa Boaz: kitabu kikitoka watakula samaki pamoja.

Mwezi wa Februari mwaka huu Seline alifariki. Vipindi thelathini na vinne vilikuwa vimeandikwa, sita vimebaki. Mama Mutie alilia mezani pake bila kujificha, na aliusema vibaya mwiko wake kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye jarida la ofisi. Mwanamke aliyemsikiliza kwa mwaka mzima, hakuwahi kumshika mkono. Alisema lililobaki ni kumfikisha Seline kwenye kitabu akiwa mzima.

Halafu ikaja Jumanne moja ya Mei. Saa nne asubuhi stima ilipotea na kinu kikanyamaza. Sote tuliinua macho kwa mazoea tukingojea kidole. Mama Mutie alikuwa ameinamia laptopu, ambayo bado ilikuwa na betri, akibonyeza sauti iongezeke, na iongezeke tena. Hakujua kwamba kinu kimezima. Jael alimgusa bega, akageuka, akatutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba tumejua.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Tangu Januari alikuwa akienda kliniki peke yake. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kazi, na la kulia lilikuwa likielekea huko huko, na daktari alimwambia asitarajie mengi. Hakuficha kwa kuogopa kufukuzwa, anamjua Jael. Aliogopa tungempokonya Seline.

Na kweli tulijaribu. Eddah, ambaye Mama Mutie mwenyewe alimfunza kazi na ambaye sasa anarithi meza yake, alinakili kipindi cha thelathini na tano vizuri sana. Tukamwita Boaz, tukamsomea, tukamuuliza swali la nyumba hii. Boaz aliinamisha kichwa. "Maneno ni yake," alisema, "lakini si yeye."

Mama Mutie alisoma uso wake, akaomba penseli. Pendekezo lake lilikuwa rahisi na gumu. Boaz avae hedifoni, amsikilize mama yake sentensi moja moja, kisha aitamke mbele ya Mama Mutie, karibu, dirishani penye mwanga, ili yeye aokote kwa sikio lililobaki na kwa kumtazama midomo. Alikuwa anavunja mwiko wake kwa mara ya kwanza, kuliruhusu jicho lilisaidie sikio kabla kitabu hakijakwisha. Boaz hakuwa amefungua rekodi hizo tangu mazishi, na alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja akiwa amebeba mandazi, nasi tukajua amekubali.

Siku ya kwanza alitamka sentensi hizo kama mtu anayesoma tangazo. Mama Mutie aliweka penseli chini. Alitaka aseme alivyosema mama, avute pale alipovuta, anyamaze pale alipokuwa akigeuza samaki. Siku ya tatu Boaz alikuwa akitukaripia ofisi nzima kwa sauti ya mama yake, mkono kiunoni, na Jael akacheka hadi akatoka nje. Walikaa hivyo magoti kwa magoti kwa wiki tisa, kinu kikinguruma chini yao, kwa kuwa sasa kinu hakikumsumbua tena Mama Mutie.

Kipindi cha arobaini kinaisha ghafla. Seline yuko katikati ya hadithi, anaiacha, anamgeukia mwanawe. Boaz alisikiliza hapo mara nne. "Mathe, hapo siwezi," alisema mwishowe. Mama Mutie alimsogezea kikombe, akamwambia anywe chai kwanza, mama yake hana haraka. Chai ikapoa. Kisha Boaz akasema, kwa sauti ambayo si yake: "Boaz, zima hiyo kitu. Umekula?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kitabu. Yanakaa peke yake kwenye ukurasa wa 211, na ni ukurasa pekee ambao sikuthubutu kubishana nao.

Siku hiyo Mama Mutie alimsomea kipindi chote tangu juu, kwa sauti kubwa kidogo kuliko alivyodhani, akafunga daftari, akauliza: "Ni yeye huyu?" Boaz alijibu, lakini alijibu akiwa amejifunika uso kwa viganja. Mama Mutie hakusikia, wala hakuona midomo. Akangoja. Boaz alipotambua, alichukua penseli mkononi mwa Mama Mutie akafungua daftari akaandika: Ni yeye.

Kitabu kilitoka mwezi wa Oktoba. Wauza samaki wa Raila wanakisomeana kazini, na kina madoa ya mafuta tayari, jambo ambalo Mama Mutie analihesabu kuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Makala haya Mama Mutie ameyasahihisha hadi hapa. Yanayofuata hakuonyeshwa.

Ndugu wafanyakazi na wageni, Ijumaa hakutakuwa na hotuba. Mwenye kinu amejitolea kukizima kwa saa moja, tukamshukuru, tukamwambia asijisumbue. Mlangoni mtakuta daftari la kurasa mia mbili na penseli iliyochongwa. Kila mmoja aandike yale ambayo angesimama kuyasema, na ayaandike anavyoongea, pamoja na kuvuta pumzi. Wasusi wa Satellite wamepewa kurasa sita na wanaambiwa zinatosha. Boaz ataleta samaki. Mama Mutie ataondoka na daftari hilo kwenda Kitui, kwenye shamba lake la ndengu, alisome taratibu, na tusishangae likirudi kwa posta likiwa na wino mwekundu.

Mama Mutie, umetusikiliza ukatumalizia masikio yako. Tunakushukuru sisi wa hapa juu, wa Satellite, wa Raila na wa Makina, na wote waliowahi kukalia lile benchi bila karatasi. Tunakuombea afya, mvua kwa wakati wake, wajukuu wanaoongea wakikutazama usoni, na siku ndefu zisizo na haraka. Uishi vyema, mama yetu.

Nami niliyeandika haya nimejaribu kufanya ulivyonifundisha. Kwa hiyo nakuuliza, na jibu naomba uniandikie: ni wewe huyu?

Nicanor, mpangaji wa kurasa