Senene wa Mtaalamu wa Risasi

Mama mmoja kutoka Kimwani alikuwa amepakata kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, kwenye Kosta ya kwenda Bukoba. "Nampelekea mtaalamu wa risasi," alimwambia mzee aliyekaa naye. "Mwanangu ni mlinzi, wakasema ameua. Mtaalamu akapiga bunduki ya mwanangu kwenye maji, akalinganisha mikwaruzo ya risasi hiyo na ile iliyomuua marehemu. Haikufanana. Wakamwachia."

"Nilikuwa karani wa mahakama," alisema mzee. "Hiyo ni rushwa. Mshukuru Mungu."

"Waitu tata, mzee wangu, kesi imekwisha! Mungu nilimshukuru Jumapili."

Mimi niliyekaa nyuma yao, harufu ya kopo ilikuwa imeshaninunua.

Kosta iliposimama Rwamishenye mama alishuka, akageukia dirisha la mzee. "Senene hawa amewakaanga mwanangu mwenyewe. Misimu yao miwili gerezani hakuwaonja, na leo amekataa kuonja kabla ya yule mtu."