Jina la Piusi Chini ya Kiraka

Baba Paroko, majirani wa Rhotia na wote mliotoka mbali, mimi ni Marsela, dada mkubwa wa marehemu, na naomba mniwie radhi, kwa sababu historia nitakayoisoma si ile iliyochapwa kwenye ratiba mliyogawiwa getini, na sababu yake mtaisikia.

Piusi Tluway Sulle alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa Rhotia, tukiwa bado Wilaya ya Mbulu, mtoto wa nne wa Mzee Tluway na Mama Veronika, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1980 hadi 1986, na mwaka 1995 akahitimu ufundi wa elektroniki Arusha, akarudi Karatu kutengeneza redio za magari ya watalii, baadaye kompyuta za ofisi za kampuni za utalii. Alikuwa mbishi tangu utotoni, hata ukikosea neno kwenye sala ya chakula alikurudisha mwanzo na ugali unapoa.

Mwaka 1998 alijiunga na watu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza kwa kujitolea, wakiandikiana barua pepe, kiini cha mfumo wa kompyuta unaotumiwa bure na yeyote, kazi yake ikiwa kukagua viraka, yaani marekebisho ya wenzake, na kiraka alichokiridhia kiliandikwa jina lake chini, nalo likiwepo, wakubwa wa kazi hiyo huko ng'ambo hawakuuliza tena.

Tarehe 8 Julai 2000 alifunga ndoa na Anneth, binti wa Machame, msimamizi wake akiwa Clemensi, rafiki ambaye Piusi mwenyewe alimfundisha kazi na kumpa meza ofisini kwake, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sabina na Eliud.

Juni 2004 Clemensi aliandika kiraka chake cha kwanza. Piusi alinieleza hivi, mimi nisiyejua kompyuta: data huenda kwenye diski kwa vipande vya kumbukumbu, na kila diski ina ukomo wa vipande inavyoweza kupokea kwa mkupuo mmoja, kama kila punda alivyo na mzigo wake, naye Clemensi alipandisha ukomo huo kwa diski zote bila kuangalia kila moja inaweza nini. Piusi alikichapa kwenye karatasi, akakikagua siku tatu, akaandika humo maoni kumi na tisa kwa kalamu nyekundu, na tarehe 9 akamalizia, kisitumwe. Tarehe 11 Clemensi akakituma, na chini yake imeandikwa kuwa kimekaguliwa na Piusi Sulle.

Kikapokelewa kwa sababu ya jina hilo. Agosti, Clemensi akakiweka kwenye kompyuta ya kikundi cha wafugaji wa Oloipiri, yenye diski ya zamani, rejista ya chanjo za ng'ombe ya miaka minne ikaharibika, na Mzee Olais, katibu wao, akaja kumuuliza Piusi mbele ya watu aliidhinisha nini. Clemensi, aliyekuwa meza ya pili, aliinamisha kichwa, kisha akawaandikia wakubwa wa ng'ambo kwamba Piusi alimkubalia kwa mdomo. Walimwamini. Piusi hakuonyesha karatasi zake kwa mtu, alisema anayemjua hazihitaji, na hakuna alichokagua kilichopokelewa tena.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2006, akatibiwa Karatu na Moshi, akafariki Jumanne tarehe 19 Februari 2008, saa nne asubuhi, Anneth akiwa amemshika mkono.

Juzi tulimwomba Clemensi aandike sehemu ya kazi, tukitaraji mwaka 2004 ataueleza mwenyewe, na kuchapa ratiba, kisha atuletee tuisome pamoja kabla haijagawiwa, kama tufanyavyo siku zote. Hakuileta. Tumeipata getini leo kama ninyi, mwaka 2004 haumo, na chini kabisa imeandikwa kuwa imekaguliwa na familia. Imeniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika siku zote nne, na Mzee Olais, aliyeonyeshwa karatasi zile na Anneth jana akamwomba marehemu radhi mbele ya jeneza. Kwa mfanyakazi mwenzake aliyekaa hapa hemani, sina shukrani.

Hii niliyosoma nimeikagua mimi, mstari kwa mstari, mama ameisikia yote, na jina langu nimeliandika chini kwa mkono wangu. Pumzika, mdogo wangu, jina lako usilihangaikie tena, tunalo sisi.