Toni Sita za Mwalimu Nhạn

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha historia ya matamshi katika idara yetu hapa Hanoi, Mwalimu Khương Thị Nhạn anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu meza zetu zinatazamana, na kwa sababu miaka yote hiyo nimetafuna mbegu zake za alizeti bila kununua zangu.

Alikuja kwetu akiwa binti mwembamba kutoka Nam Định, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Somo lake lilikuwa maneno tuliyoyachukua kwa Wachina, na kila mwaka alilianza vilevile: "Buồng ni chumba, phòng ni chumba. Ni neno moja la Kichina, lilitubishia hodi mara mbili." La kwanza liliingia kale, likageuka pamoja na ndimi zetu hadi hakuna anayelidhania kuwa mgeni. La pili lilifika karne nyingi baadaye na sauti yake, nasi tukajifunza kuitamka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alipenda kusema. "Hawa tuliwapa jembe, wakalima hadi kooni mwetu!"

Mwaka 2014 saratani ilimwondolea kisanduku cha sauti. Tangu hapo huzungumza kwa kifaa cha betri anachokibana shingoni, na kifaa hicho hakijui kupanda wala kushuka. Lugha yetu ina toni sita, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobadili maana ya neno. Yeye akabaki bila hata moja. Muuza bún, tambi za mchele, wa pale chini alilia alipomsikia mara ya kwanza. Mkuu wa idara, Bwana Tạ Quýnh, mtu mwema lakini mwenye haraka, akaamua ahamie maktaba. Mwalimu aliomba kipindi kimoja tu ajaribiwe. Kufundisha ndiko kulikokuwa maisha yake, na sote tulilijua hilo.

"Mbona mmekaa kimatanga?" aliwauliza wanafunzi siku ya jaribio, nami nimeketi nyuma ya darasa. "Mababu zetu nao waliongea bila toni. Mimi nimetangulia kurudi kwao, nifuateni." Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye, mabega yakimtikisika kimya kimya.

Kisha akawatamkisha silabi za kale: hawa wakilikata neno ghafla kooni, wale wakiliachia pumzi mwishoni. Tena na tena. Halafu akaashiria kwa mkono: acheni mkato, acheni pumzi. Sauti za hawa zikabaki juu, za wale zikabaki chini, zenyewe. Toni zilikuwa zimezaliwa mbele ya macho yetu. Ndipo akawapa maneno ya Kichina ya enzi hizo, na kila moja likapata toni yake ya kukalia, kwani lugha hizi mbili zilibadilika zikiwa jirani. Mwili ulinisisimka. Hata sasa unanisisimka.

Bwana Quýnh alikuwa amesimama mlangoni. "Dada Nhạn," alisema, "maktaba tutaitafutia mtu mwingine."

Akafundisha miaka kumi na miwili zaidi. Jambo moja tu limemshinda: jina lake. Nhạn huhitaji toni nzito ya kubana koo, na kifaa chake hakiiwezi. Tangu operesheni hajalitamka sawasawa.

Kwa hiyo, Mwalimu, siku ya sherehe usijitambulishe. Ukumbi mzima utasimama, tulitamke sisi. Asante kwa yote, na Mungu akujalie afya na mapumziko matamu. Makoo yetu ni yako.