Namba ya Mashimba

Pale Mabatini, ukiacha barabara kubwa na kupita duka la vipuri vya baiskeli, kuna mashine ya kusaga ambayo haijasaga kitu tangu mwenyewe, Mashimba, afe. Mlango una kufuli, lakini upepo wa ziwani ukivuma jioni, unga wa zamani hushuka kutoka darini na kupenya chini ya mlango, mweupe, kidogo kidogo, kana kwamba ndani kuna mtu anayefanya kazi kwa siri. Mbele ya mlango kuna benchi refu, na mbele ya benchi kuna jiko la Leonsia, mama wa kahawa na kashata. Benchi lina nafasi nne, na wanaokaa ni watatu. Ile ya nne, iliyo karibu na mlango, hakuna aliyewahi kusema isikaliwe, na hakuna aliyewahi kuikalia. Jioni hiyo wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi usio na moto, na juu ya bati la mashine korongo mmoja alikuwa amesimama tangu adhuhuri, shingo ndani ya mabega, kama mtu aliyefika msibani akakuta hawajui wenyeji.

Obedi alikaa katikati, kikombe mkononi. Kijiwe kilimwita Kimya, na wiki hizi tano alikuwa amelistahili jina kuliko wakati wowote, kwa sababu kila alipofungua kinywa kikohozi kilitaka kutangulia. Alikuwa amejifunza kukimeza kwa kahawa. Mfukoni simu yake ilikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: tangu juzi, marehemu alikuwa anampigia.

— Mmesikia redio? aliuliza Kashindye. Huyu ni fundi simu, na kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa hoja, wanamwita Bunge. — Majina ya wagonjwa yamemwagwa kwenye magrupu. Mtu anatoka kupima, hajafika kwake, shemeji zake wanampigia kumpa pole.

— Hospitali gani? aliuliza Leonsia, akipuliza mkaa.

— Hawakutaja.

— Basi hao wanajua kutunza siri kuliko wewe.

Renatus alikohoa kidogo, kikohozi cha mwalimu anayetaka darasa linyamaze. Alistaafu ualimu miaka minne iliyopita, lakini viatu bado alivipiga rangi kila asubuhi, na jina lake hapo lilikuwa Msomi.

— Tatizo lilianza na vidole, waitu, ndugu zangu. Siku tulipoweka kidole kusajili laini, tuliweka na mkono mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Simu inakusikiliza kidogo leo, kidogo kesho, mwisho inakujua kuliko mkeo.

— Simu ni mtoto mdogo, alisema Kashindye. — Wakubwa wako juu. Wahenga walishasema, vyaelea vimeundwa. Satelaiti si inaelea? Basi imeundwa. Inapita juu ya Mabatini mara mbili kwa siku, inahesabu nani amekohoa.

— Inasikiaje huko juu? aliuliza Leonsia.

— Haisikii, inaona. Mtu akikohoa bati la nyumba linatikisika.

— Hata makohozi yenyewe, alisema Renatus, sauti ikishuka. — Ukitema kwenye kile kikopo chao cha vipimo, umetema jina. Mashine inasoma ulilala wapi, ulikula nini, babu yako alikufa na nini. Huwezi kuyarudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse makohozi.

Obedi alikunywa haraka. Kahawa ilimuunguza koo, akashukuru.

— Redio ilisema na habari nyingine, alisema Leonsia. — Hiyo naona mmeiruka.

— Ipi, mayu, mama yetu?

— Ya wanawake kulipwa pungufu kwa kazi ileile.

— Aa, hiyo, alisema Kashindye, akajikuna kidevu. — Hiyo ina hatari zake. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Ukipandisha mshahara wa mmoja, kesho wa mwingine, keshokutwa nchi nzima inanuka.

Hata Renatus alicheka. Leonsia hakucheka. Alimgeukia Obedi.

— Shemeji, wewe na mkeo Rose mko meza moja pale kiwandani. Kisu kimoja, sangara mmoja, minofu ileile. Au yeye anakata nusu samaki?

— Anakata zaidi yangu, alisema Obedi.

— Na bahasha ya mshahara?

— Ndivyo walivyopanga.

— Ndiyo. Mimi nilisimama meza ileile miaka sita, nikaona walivyopanga, nikaja kuchemsha kahawa. Rose amebaki.

Obedi alitazama kikombe. Kiwandani kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua: anayekohoa hasogei mezani. Anarudishwa nyumbani mpaka alete barua ya daktari. Bahasha ya Rose alikuwa ameishika mara nyingi mkononi, akaiona nyepesi, na kila mara akasema moyoni kwamba si kitu, yake ipo. Wiki hizi, kila akijilaza, alikuwa anaipima tena ile bahasha. Yeye, Rose, watoto watatu na mama mkwe, wote ndani yake. Hawakuenea.

Hapo simu ikatetemeka mfukoni.

Hakuigusa. Ikatetemeka mpaka benchi zima likatetemeka nayo, kwa sababu ubao ulikuwa mmoja. Kashindye akainama, akaichomoa mfukoni mwa Obedi kwa ufundi wa miaka mingi, akasoma jina kwenye kioo. Uso ukambadilika.

— Mashimba Mashine, alisoma.

Simu ikanyamaza. Chini ya mlango unga ulishuka, ukaingia kwenye soli ya kiatu cha Renatus kilichopigwa rangi.

— Hujafuta jina lake? aliuliza Renatus.

— Wewe umelifuta? aliuliza Obedi.

Renatus alitoa simu yake kwenye mfuko wa shati, akaiweka pajani, kioo juu. Mashimba wa Mashine, mara mbili, jana na leo. Kashindye naye akatoa ya kwake. Mashimba Jirani, mara tatu.

Kila mtu pale aliijua namba hiyo kwa kichwa, kama sala. Enzi za uhai wake simu ya Mashimba ndiyo pekee iliyokuwa na chaji siku zote, kwa kuwa mashine ilikuwa na umeme wake. Wake zao walikuwa wakiwatafuta kupitia kwake. Walipiga, wakauliza neno moja tu: fulani yupo hapo? Na Mashimba, mikono yote unga, alijibu yupo, hata siku ambazo benchi lilikuwa tupu.

— Kuna maelezo, alisema Kashindye. — Mimi ni fundi. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inampa mtu mwingine namba ileile. Ni jambo la kawaida kabisa.

— Kwa nini basi hujapokea?

— Hayo nayajua asubuhi, Msomi. Simu inapigwa jioni.

— Mimi nadhani ana neno, alisema Renatus. — Alikohoa hapa miezi mitatu. Tukamwambia nini?

Leonsia alimjibu.

— Mlimwambia ni vumbi la unga.

— Na wewe ulimchemshia tangawizi, alisema Kashindye.

— Nilimchemshia. Ndiyo maana sisahau.

Korongo juu ya bati alihamisha mguu, na bati likalia mara moja, kama mtu aliyegonga kwa ukucha.

— Ila namba haikupigii kama hujaipigia, aliendelea Leonsia. — Kama ni mtu mpya, namba zenu kazipata wapi? Nani alianza?

Wa kwanza kuvunjika alikuwa Bunge mwenyewe, akizungumza na jiko.

— Lile gari la vipimo vya kifua kikuu, lililokuja sokoni Mkuyuni. Nilipita tu. Nikakuta foleni fupi. Wakaniuliza jina. Sasa mimi na jina langu, na wateja wangu wote wako pale... Jina la Mashimba likatoka lenyewe. Na namba yake. Nilisema marehemu hana cha kuaibika.

Renatus alimgeukia.

— Saa ngapi?

— Saa nne hivi.

— Mimi nilikwenda saa nane, alisema Renatus taratibu. — Nikaandika Mashimba. Namba yake. Makazi, Mabatini, benchi la kahawa kwa Leonsia.

— Umeandika mpaka mimi?

— Walidai alama ya kujulikana, mama. Na mimi nina wanafunzi wangu wa zamani wanaofanya kazi kwenye magari kama yale.

Wote wawili wakamgeukia Obedi. Aliinamisha kichwa, na hiyo ikatosha.

— Watatu, alisema Leonsia. — Mmemfufua mtu mmoja mara tatu kwa siku moja, ili ateme makohozi kwa niaba yenu.

— Na majibu yanatumwa kwa simu, alisema Kashindye. — Hilo sikuliwaza mpaka wiki ilipokwisha. Nikasema nijaribu kuipiga. Nilijua haitaita.

— Ikaita, alisema Renatus.

— Ikaita. Ikapokelewa. Nikakata.

Obedi naye alikuwa amekata. Alikuwa amesikia pumzi, na nyuma ya pumzi kelele za watu wengi kwa mbali, watu wasiohesabika, kama wanaogombea kuingia mahali. Alikuwa amekaa na kelele hizo siku tatu.

— Na kadi mlizopewa? aliuliza Leonsia. — Si zina namba?

— Niliichoma kwenye jiko lako, alisema Kashindye. — Mke wangu anakagua mifuko.

— Nilichana, nikatupa ziwani, alisema Renatus. — Vipande vinne, mahali pawili tofauti.

Obedi alikuwa ameificha kwenye mfuko wa shati la kazi. Alipoitafuta, shati lilikuwa limefuliwa na kukunjwa, mfuko mtupu. Alisema tu kwamba ilipotea.

— Shikamooni.

Hawakumsikia akija. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kitenge cha kahawia kifuani, mkoba begani, vumbi la mwendo miguuni.

— Marahaba, waliitikia kwa pamoja.

— Karibu, alisema Kashindye. Mazoea yakammalizia sentensi. — Mgeni njoo mwenyeji apone.

Kisha akafumba mdomo, kama aliyejisikia mwenyewe.

Msichana alitafuta pa kukaa, akaona nafasi moja tupu, akaikalia. Ubao ulilia chini yake. Renatus aliinua mkono kumzuia, akaurudisha.

— Naitwa Prudencia. Nauza tiketi stendi ya Buzuruga. Hapa ndipo kwa Leonsia?

— Ndipo, alisema Leonsia.

Kelele zile, Obedi aliwaza. Wapiga debe na abiria. Kilikuwa kitu kidogo kiasi hicho.

— Nilinunua laini mwezi uliopita. Ikaanza kuniletea ujumbe wa mtu anaitwa Mashimba, wa Mabatini, benchi la kahawa. Mara tatu, na namba za kadi tofauti. Mbili zinasema hana tatizo. Moja inasema afike kituoni kabla ya Ijumaa, aanze dawa, asikae karibu na watoto. Leo ni Jumatano. Nikasema huyu mtu anaumwa au haumwi?

Leonsia alimsogezea mgeni kikombe.

— Halafu kuna namba zinapiga, nikipokea zinakata. Nikipiga mimi hazipokelewi. Nikafanya kama nazitumia hela kwa simu, majina yakatokea, aliendelea Prudencia. Alitoa simu, akasoma bila haraka, kama anayeita mahudhurio. — Kashindye Nkwabi. Renatus Kahigwa. Obedi Chenge.

— Unaona, alinong'ona Renatus. — Hata satelaiti haikuhitajika.

— Sasa mnisaidie. Mashimba ni yupi kati yenu?

Kashindye alitazama jiko. Renatus alitazama viatu, unga umefika kwenye kamba. Mbili safi, moja hapana, na kwenye benchi hilo kila mtu alikuwa Mashimba. Obedi alitaka kusema. Alizifikiria pande mbili za neno, meza ya minofu upande huu, watoto wanaolala naye chumba kimoja upande ule, na bahasha nyepesi katikati.

— Basi nisaidieni hili jingine, alisema Prudencia. — Kuna na namba ya nne. Ni mwanamke. Yeye hakati. Anapiga kila siku muda kama huu, anauliza neno lilelile, nami sijui nimjibu nini, kwa sababu kila nikimuuliza wewe nani, ananyamaza.

— Neno gani? aliuliza Leonsia, ingawa mkono wake ulikuwa umeshaacha kupuliza mkaa.

Prudencia hakuwahi kulisema. Simu iliita mkononi mwake. Aliitazama, akaibonyeza isikike na wote, akainyoosha mbele ya benchi.

Upande wa pili kulikuwa na maji yanayochuruzika, na visu vya kiwandani vinavyowekwa kwenye beseni na wanaobaki kuosha mwisho wa zamu. Kisha sauti, ndogo, ya mtu aliyejificha mahali.

— Mashimba, ilisema. — Obedi yupo hapo?

Obedi alifungua kinywa kumjibu mkewe, na kikohozi kikatangulia. Kilitoka chote, cha wiki tano, kikamkunja mpaka paji la uso likakaribia magoti, na kahawa ikamwagika kwenye unga.

Simu ilisubiri mpaka kikaisha.

— Yupo, alisema Rose. Alipumua. — Kadi yako ninayo mimi, niliitoa mfukoni kabla sijafua. Usiondoke hapo. Nakuja nayo.

Ikakatika.

Leonsia aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa matone matatu, likaisha. Kwa kawaida hapo ndipo watu husimama, hupangusa suruali na kuagana mpaka kesho. Jioni hiyo hakusimama mtu. Kashindye alisogea kidogo, Renatus naye akasogea, ikapatikana nafasi ya mmoja pembeni mwa Obedi. Wakakaa wakiitazama njia inayotoka barabarani, kwa sababu kama namba ya kadi ya Obedi si ile iliyoitwa kituoni kabla ya Ijumaa, basi iliyoitwa ni ya Kashindye au ya Renatus.