Treni ya Koome ni ya Enzi Gani?

Ukitoka msikitini Majengo, mjini Meru, ukaipita bucha ya kwanza, utakuta benchi refu limeegemea ukuta wa karakana ya useremala, na juu ya benchi hilo utakuta watu waliokwisha kuamua mambo yote ya nchi hii isipokuwa moja. Mwenye karakana ni Koome, fundi wa vitanda na makabati, mzee mpole wa maneno machache, na hilo moja ni lake. Anataka kutengeneza treni. Si ya kupanda mtu, ni treni ndogo ya mbao ya kuzunguka juu ya meza, injini yake ukubwa wa mkate. Meza iko tayari ndani ya karakana, reli za waya zimelazwa, hata vilima vya Timau vimeshachongwa na kupakwa kijani. Kilichobaki ni treni yenyewe, na treni lazima iwe ya reli fulani na ya miaka fulani, maana huwezi kubandika bomba la moshi juu ya injini ya dizeli halafu utegemee watu wakuheshimu. Jioni hiyo ya Julai ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msitu wa Imenti ukaimeza barabara yote ya Makutano, na Mama Zuhura, muuza kahawa, alikuwa amevuta jiko lake karibu na miguu ya wazee ili wapate joto.

— Leo unakata, ama hukati? aliuliza Misheck.

Misheck aliendesha malori ujana wake wote, na kwa hiyo anaitwa Breki.

— Nakata leo, alisema Koome. Mniambie tu ni gani.

— Si nilikwambia tangu Pasaka? Dizeli! Dizeli ya miaka ya themanini, ile ya Mombasa. Baite, ndugu yangu, wewe hujui ile kitu. Mimi natoka Voi na lori, usiku umeanza kuisha, nasikia ardhi inatetemeka. Naangalia kando, naona imekuja, taa moja mbele, mabehewa nyuma hayaishi. Tunakimbizana. Mimi kwa lami, yeye kwa chuma.

— Nani alishinda?

— Kulikuwa na mzani wa malori mbele. Nikasimama.

Wakacheka. Koome naye alicheka, lakini kikombe chake alikuwa anakishika kwa mikono miwili, na kila mtu kwenye benchi alijua ni kwa nini. Daktari alikuwa amemwambia presha imeingia machoni, na kwamba alichokwisha kupoteza hakitarudi. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. La kulia lilikuwa linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli, na matone ya dawa yalikuwa yanapunguza mwendo wa ugonjwa bila kuusimamisha. Kwa vitanda bado alijiweza, mkono unakijua kitanda. Lakini kwa kitu kidogo cha kuchongwa kwa kisu, chenye madirisha ya kupenya kidole kimoja, alijua ana nafasi ya kukifanya mara moja tu. Ubao wenyewe pia ulikuwa mmoja, wa mti wa muuru ulioanguka kwenye shamba la baba yake. Ubao ule ulitosha treni moja na macho yale yalitosha treni moja. Akichagua vibaya, ndiyo imeenda hivyo. Koome alikuwa anaogopa, na hofu yenyewe ndiyo iliyomfanya awaulize watu tangu Pasaka badala ya kushika msumeno.

— Dizeli haina roho, alisema Mama Zuhura akimimina. Hiyo ni lori imefungwa kwa chuma. Koome, tengeneza ile ya kwanza kabisa. Babu yangu alikuja na hiyo kutoka pwani, akiwa mpishi wa waliokuwa wanalaza reli. Alitwambia ilikuwa inakula kuni kuliko kijiji kizima. Ikisimama porini wanashuka na mashoka, wanakata miti, wanailisha, inashiba, inaendelea.

— Na simba?

— Simba walikuwa wanakuja kuota moto wake. Wanalala kando ya reli kama paka.

— Hiyo babu yako aliongeza chumvi, mama.

— Chumvi alikuwa nayo, si nimekwambia alikuwa mpishi? Halafu reli ikaenda upande wake na yeye akaja upande wake, kwa miguu, mpaka hapa Majengo. Alikufa akingoja ije imfuate.

Hapo Koome akauangalia ukungu. Alimwona yule mpishi amekaa mlangoni mwa nyumba ya udongo, sufuria iko motoni, sikio limeelekezwa kusini. Alimpenda yule mzee ambaye hakuwahi kumjua. Lakini kila alichopewa kwenye benchi lile alikipenda kwa muda, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake.

— Nyinyi wote mnaongea vitu vilikufa, alisema Ndambiri.

Ndambiri ni mtu wa Embu ya chini, huko kwenye joto. Huleta ndengu soko la Gakoromone na hukawia Meru kuliko ndengu zenyewe, kwa hiyo wanamwita Siakago, jina la kwao.

— Mzee Koome, tengeneza ile haijakuja. Inatoka Siakago asubuhi, imebeba ndengu na mbuzi. Embu inachukua wanafunzi. Runyenjes, maziwa. Chuka, ndizi. Halafu inafika bonde la Nithi.

— Nithi! Breki aliweka kikombe chini. Hapo Nithi mimi nilikuwa naomba Mungu kuanzia Chuka.

— Sasa hii hauombi. Inapita juu kwa daraja refu, kutoka kilima mpaka kilima, haishuki, haipandi. Unaangalia chini unaona mto, unakunywa chai yako.

— Haimwagiki?

— Haimwagiki hata tone.

Breki alifikiri. Mtu aliyeshuka Nithi na lori lililojaa viazi hawezi kuikataa chai isiyomwagika.

— Basi hapa Meru isisimame, alisema taratibu. Kwa nini isimame? Iingie msituni. Ndovu wanaisikia, wanapisha. Inaanza kupanda mlima.

— Mlima gani?

— Kirinyaga. Iko mingapi?

— Ipande hadi kwa theluji?

— Izunguke. Kama nyoka kwa mti, polepole. Mabehewa ya mwisho bado yako Makutano, injini imefika kwa barafu.

— Na behewa moja la kuswalia, alisema Mama Zuhura.

— Na moja la kwaya, alisema Ndambiri. Ile ya Kanisa la Methodisti, wasimame madirishani wakiimba. Watu wa Timau wanaamka, wanafikiri ni parapanda.

— Ikifika juu inageuka aje?

— Haigeuki. Inashukia upande ule mwingine, inatokea Nanyuki, inapiga honi.

Koome alikuwa ameyafumba macho. Aliposikia Nanyuki aliyafumbua, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa yake. Alikuwa mdogo, na baba yake, mtu wa rika la Lubetaa, alikuwa anapeleka kondoo kuuza. Walipanda hadi Timau kwenye baridi, wakateremka Nanyuki jua likiwa limechomoza, na pale mwisho wa reli alikuwa amesimama mnyama wa chuma, rangi ya damu ya mzee, akitoa mvuke pande zote mbili kama anayepumzika. Baba yake alimwekea mkono begani. Ule mkono ulikuwa na harufu ya kondoo. Hakuna kitu kingine Koome alichowahi kukiona kizuri namna ile, wala harusi yake mwenyewe, na mkewe alilijua hilo na alimsamehe.

— Mimi nafikiri ya Nanyuki, alisema. Ya mvuke. Miaka ya sitini ikianza.

— Ya Nanyuki ilikuwa fupi, alisema Breki.

— Ilikuwa nzuri.

— Wewe unaipenda kwa sababu ya mzee wako, alisema Mama Zuhura kwa upole. Hiyo si kosa.

— Changanya! alisema Ndambiri. Kichwa cha Nanyuki, behewa la babu yake mama, dizeli isukume kutoka nyuma, na daraja langu la Nithi.

— Haiwezekani, Siakago. Watu wataona nimetengeneza takataka.

— Watu gani wataona? Hata wewe mwenyewe huta...

Ndambiri alijiuma ulimi hapo, lakini alikuwa amechelewa. Wote waliangalia vikombe vyao. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni mwa bucha, na taa ya mle ndani ilikuwa inaelea peke yake.

Ndipo mwanamke mmoja alipotokea kwenye ukungu akiwa na leso mabegani, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa makabati. Alijitambulisha kuwa Kagwiria, anauza nyanya Gakoromone, na anataka kabati la vyombo. Mama Zuhura akampa kahawa kabla hajaomba, na Breki akamsogezea nafasi.

— Mama, wewe ni mgeni, huna upande, alisema Breki. Ingia hapo ndani uangalie meza, utuambie. Dizeli, kuni, mvuke, ama hii ya Siakago ya kupanda mlima.

Waliingia wote. Kagwiria aliizunguka meza, akagusa kilima cha Timau, akaugusa ubao wa muuru ambao Koome alikuwa ameuchora kwa penseli, mstari ukiwa umepinda pale jicho lilipoupoteza. Kidole chake kilipita palipopinda bila kusita, na Koome alimshukuru moyoni.

— Ni nzuri, alisema. Lakini mimi sijui treni. Mimi nimekuja na mambo ya kabati. Ukitengeneza kabati, mzee, unaanzia wapi?

— Ndani, alisema Koome mara moja. Rafu kwanza, na droo. Ukishafunga mgongo huwezi tena kupitisha mkono.

— Sawa. Na hii, ndani iko aje?

— Ndani ya nini?

— Ya treni. Viti vinaangaliana, ama vinaangalia mbele?

Breki alielekeza kidole kwenye reli za waya.

— Vinaangalia mbele. Si inaenda mbele?

— Vinaangaliana, alisema Ndambiri. Lazima. Watu wataongea aje?

— Uliona wapi?

— Nimefikiria tu.

— Babu alisema walikaa juu ya magunia, alisema Mama Zuhura, lakini sauti yake haikuwa na nguvu kama alipowasimulia wale simba.

Wakamgeukia Koome. Yeye alikuwa amerudi Nanyuki, anatafuta. Aliliona gurudumu, lilikuwa refu kumshinda. Aliuona mvuke, aliiona rangi, aliuona mkono wa baba yake. Aliinua kichwa kutafuta madirisha na akayapata, yako juu kabisa, yanang'aa jua, na nyuma ya kioo hakukuwa na chochote. Alisimama chini pale muda mrefu, mtoto mfupi kwenye kokoto. Baba alikuwa amesema tutaipanda tukiuza vizuri mwaka ujao. Mwaka uliofuata walipeleka kondoo Isiolo, ambako hakuna reli.

— Mimi nilikuwa nje, alisema Koome.

Kagwiria aliwaangalia mmoja mmoja, bila dharau, kama anayetaka kuelewa tu.

— Kwani hapa hakuna mtu amewahi kupanda treni?

Miezi yote ile tangu Pasaka, na hakuna aliyekuwa amepanda. Breki alikuwa dereva, angepandia nini treni? Ndambiri hajavuka Thika zaidi ya mara chache, na mara hizo alikuwa juu ya magunia ya ndengu. Mama Zuhura alitoka akaleta birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, na likatoa tone la mwisho na unga wa tangawizi.

— Imeisha, alisema.

Kwa kawaida hapo ndipo watu huaga. Hakuna aliyeondoka. Koome aliweka penseli juu ya meza, akapapasa ukingo wake mpaka akafika mlangoni, akasimama akiangalia nje kwa jicho lake moja, na hofu aliyokuwa nayo tangu Pasaka ilikuwa pale pale, ila sasa aliona inaelekea wapi.

— Breki. Ile ya Nanyuki bado inakuja?

— Inakuja. Wikendi, nasikia. Inateremka mpaka Nairobi.

— Gari ya mtoto wako iko?

— Iko.

— Utatupeleka Nanyuki?

— Nitawapeleka, alisema Breki. Na gari nitaiacha huko. Sitakimbizana nayo tena, nataka kuingia.

— Tunaenda wote? aliuliza Ndambiri. Hata kina mama?

— Wote, alisema Koome. Lakini mimi nakaa dirishani, upande wa kulia.

— Na sisi?

— Nyinyi kaeni popote. Nyinyi mtaona hata mwaka ujao.