Vinyungu 386: Kumuaga Bi. Kristina Mtewele

Tarehe 30 Juni 2001 Bi. Kristina Mtewele anastaafu, baada ya miaka 27 na miezi minne katika kituo chetu cha utafiti wa ardhi na maji, Njombe. Muda wote huo amepandishwa cheo mara mbili tu. Mara ya tatu tunajua ilikwamia wapi.

Mwaka 1988 yeye na sisi wanne tulitumwa kuhesabu vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Tulipita kaya 212, tukamuuliza mkuu wa kila kaya. Tukapata 41. Akaandika ripoti, ikasainiwa, ikalala kabatini.

Mwaka 1990 akaenda kusoma uzamili wa mazingira, programu iliyowaweka darasa moja watu wa udongo, misitu, uchumi na sheria. Kituoni tulicheka, tukasema anakwenda kusomea mseto. Kule kila mmoja alitetea kazi yake mbele ya fani nyingine. Alipowasilisha ripoti yetu, mwanasheria mmoja, Zuena, hakugusa udongo wala maji. Alitaka kujua waliojibu ni akina nani. Wanaume. Na wanaolima je? Bi. Kristina husimulia kwamba alikaa chini kabla hajaambiwa akae.

Alirudi 1992. Mwaka uliofuata tulipita kaya zilezile, safari hii tukiwauliza akina mama. Mmoja wao, Mama Esnath, alicheka hadi akaegemea jembe: "Mlimuuliza baba habari za kinyungu changu? Si mngemuuliza na chumvi iko wapi!"

Tukapata 386.

Kumbe kamati moja ilishaandaa agizo: mabonde yafungwe, yapandwe mikaratusi ya nguzo za umeme, maana biashara sasa ni huria na nguzo zina soko. Hoja yao ilikuwa ripoti yetu ya zamani: watakaoumia ni 41 tu. Kikao kikapangwa Makambako, Oktoba 1994. Kituoni tulikuwa tumebaki 14 kati ya 23, wenzetu wamepunguzwa kazini. Mkuu wa kituo, Mzee Ezekia, alimsihi Bi. Kristina anyamaze. Kituo kinachokiri kukosea ndicho kitakachofungwa kwanza. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anahesabu vichwa vyetu.

Bi. Kristina akasimama. Akasema ripoti ile ni yake, na imekosea kwa vinyungu 345. Mwenyekiti akamuuliza kwani yeye ni mtu wa kilimo, wa misitu au wa ustawi wa jamii. Akajibu kwamba ni mtu aliyehesabu mara mbili. Kisha akaanza kusoma majina ya wenye vinyungu. Alipofika la 97, Badru, msafirishaji aliyekuwa akizisubiri nguzo hizo, akanyoosha mkono, akasema kiangazi malori yake yanaishi kwa mboga za mabondeni, na nguzo za kusubiri miaka minane zitamkuta ameshayauza. Ukumbi ukacheka. Agizo likarudishwa, halijatoka tena.

Kituo hakikufungwa. Faili la cheo la Bi. Kristina ndilo lililorudishwa, mara tatu: eti shahada yake haiingii safu ya kilimo wala ya misitu. Tunaliandika hapa kwa sababu waliolirudisha hulisoma jarida hili.

Bi. Kristina, ulikubali kuonekana umekosea ili wengine waendelee kulima. Wiki hii mabonde yale yamejaa kabichi, njegere na mahindi mabichi. Asante sana. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya kula ulichokilinda.